Sanamu ya Kununuliwa Haimfundishi Mtoto

Katika shule nyingi za Kongo liko somo liitwalo kazi ya mikono, na pengine somo la sanaa. Tuangalie jinsi linavyofundishwa. Mwalimu anaamuru: «Juma lijalo kila mmoja alete sanamu.» Basi, maneno yamekwisha. Hakuonyesha namna ya kushika kisu, wala namna ya kukanda udongo. Siku inapofika, watoto wanaleta tembo wa mti aliyepakwa rangi ya viatu, wanaleta kinyago kinachong'aa, na waliokosa sanamu wanaleta ufagio. Aliyeleta sanamu nzuri kuliko zote anapata 10 juu ya 10. Lakini ni nani aliyeichonga? Ni fundi wa sokoni. Baba ametoa fedha, fundi ametoa jasho, na mtoto amepokea sifa.

Sisi tunasema wazi: hilo si somo. Ni biashara, tena ni uwongo unaofundishwa kalasini. Mtoto aliyefinyanga ng'ombe kwa vidole vyake mwenyewe, ng'ombe mwenye miguu mizito na pembe moja fupi, anapewa 4. Mwenzake aliyenunua anapewa 10. Wote wawili wamejifunza neno moja siku ile, ya kwamba mkono wa kazi hauna maana mbele ya mkono wa fedha. Je, tutashangaa wakiwa watu wazima na kununua vyeti?

Tunajua majibu ya watu. Wengine wanasema: «Hatuna vyombo, shule yetu ni maskini.» Maskini wa nini? Udongo wa mfinyanzi uko mtoni. Mama wafinyanzi wako vijijini, na wengi wao wangekuja kwa furaha kama wangeitwa kwa heshima. Wangewafundisha watoto kwamba udongo hukandwa kwanza. Kwamba kichwa na mkono havishikani na mwili kama hukukwaruza pale pa kuunganisha na kupaka udongo wa majimaji. Kwamba kitu kinene hutobolewa ndani, la sivyo kitapasuka. Kwamba kazi hukaushwa kivulini polepole, si juani. Hayo yote hayahitaji hata faranga moja. Baada ya udongo, mti laini utafuata. Udongo unasamehe: ulichokosea leo unakifinyanga tena kesho. Mti hausamehe: ulichokata hakirudi. Kwa hiyo udongo utangulie, ili mtoto ajifunze kuangalia kabla ya kukata.

Anayeudharau udongo aangalie Lusanga, katika jimbo la Kwilu. Huko, mwaka 2014, wafanya kazi wa mashamba ya michikichi walijiunga wakaanza kufinyanga sanamu kwa udongo wa kwao. Sura za sanamu hizo zilimiminwa tena kwa kakao, zikauzwa katika nchi za ng'ambo, na kwa fedha waliyoipata wakanunua ardhi, wakailima kwa faida yao wenyewe. Mwaka 2024 kazi zao zilionyeshwa mbele ya mataifa huko Venice. Hawakungoja vyombo vya bei kubwa.

Wengine wanasema: «Sanamu ni mchezo. Siku ya mtihani mkubwa hakuna atakayewaomba watoto wachonge. Afadhali wasome hesabu.» Wanaosema hivyo wamesahau wazee wao. Kwa Warega, katika chama cha bwami, sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu zilikuwa kama vitabu. Mkubwa aliionyesha sanamu na kutamka methali yake, na aliyeingia chamani akajifunza tabia ya kufuata na tabia ya kukimbia. Serikali ya wakoloni ilikataza bwami mwaka 1948, lakini methali hazikufa. Kwa Waluba, lukasa, ubao wenye shanga na alama za kuchongwa, uliwakumbusha wenye elimu habari za wafalme. Kwa Wawoyo, karibu na bahari, mwanamke mwenye neno na mumewe alifunika chakula chake kwa mfuniko uliochongwa methali. Mume akiuona tu, alifahamu. Hayo ni mchezo? Ni kufikiri kwa mikono.

Basi, tunawaletea walimu kazi moja rahisi. Kila mtoto aulize nyumbani methali moja ya kwao. Aifinyange kwa udongo, kalasini, mbele ya macho ya mwalimu. Kisha asimame mbele ya wenzake, aeleze kwa nini amefanya kichwa kikubwa, kwa nini mtu huyu ameinama, kwa nini mikono yake ni mitupu. Pointi zitolewe kwa ajili ya kuangalia, kuvumilia na kueleza, si kwa ajili ya kung'aa. Aliyenunua sanamu sokoni atasimama bila neno, maana fundi hakumwuzia na fikira. Na ng'ombe yule mwenye pembe fupi atapata haki yake.

Liko jambo kubwa zaidi. Mwezi wa sita mwaka 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, na hata hivyo kwa kuazimisha tu. Maelfu ya kazi za mababu zetu yangali huko Tervuren. Tunadai zirudi, na ni haki kudai. Lakini tujiulize sisi wenyewe: zikirudi, zitamkuta nani? Zitawakuta watoto wasiojua shoka la mchongaji linashikwaje, wanaozipita kama wageni? Chuo kikubwa cha sanaa tunacho tayari: kile alichokianzisha Furere Marc-Stanislas huko Gombe-Matadi mwaka 1943, kikahamia Kinshasa mwaka 1949. Lakini chuo cha juu kitapata wapi wanafunzi, ikiwa shule za chini zinafundisha kununua?

Ninyi wazazi, mtoto akiomba fedha ya sanamu, mnyimeni. Mpeleke mtoni achote udongo. Ninyi walimu, ikataeni sanamu isiyofanywa mbele yenu, hata ikiwa nzuri namna gani. Na ninyi madirekta, saa ya sanaa msiigeuze kuwa saa ya kulima bustani ya shule au kufagia kiwanja. Ni saa moja tu katika juma. Warudishieni watoto.