Mirathi Zizini: Hesabu Isiyofundishwa Madrasa

Tumeketi katika vikao vingi vya mirathi ambamo wazee wana nia njema na hesabu mbovu. Vijana wetu jioni huhifadhi mafungu ya Suratun-Nisaa, na asubuhi shuleni hufundishwa milinganyo. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni somo moja.

Natuchukue mfano wa Ziba, wilayani Igunga, kwa kuwa huko mali ni ng'ombe. Mfugaji amefariki, ameacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Maziko yamegharimiwa, madeni aliyodaiwa yamelipwa, na hakuacha wasia. Zizini wamo ng'ombe 44. Mwana mkubwa alikuwa amemkopa baba yake ng'ombe 4.

Wazee huwagawa hao 44 wanaoonekana. Mjane apewa thumuni, 5 na nusu. Binti 5 na nusu. Kila mwana 11. Kwa nje ni uadilifu. Lakini mkubwa anaondoka na 15, na nusu ya ng'ombe haichungwi.

Deni lile ni mali ya warithi wote. Kwa hiyo tirka ni ng'ombe 48, na thumuni ya mjane ni 6. Fungu la binti, tusilolijua, tuliite x. Kila mwana ana 2x, ila mkubwa atatoa zizini 2x kasoro 4:

44 = 6 + x + 2x + 2x + 2x − 4

Mafungu hukusanywa na mafungu, ng'ombe na ng'ombe. Anayejumlisha 6 na 7x akapata 13x amemchanganya mjane na watoto. Tukirudisha wale 4 kila upande, tunapata 48 = 6 + 7x; tukiondoa 6 kila upande, 42 = 7x. Basi x ni 6. Binti na mjane 6 kila mmoja, wana wawili 12 kila mmoja, mkubwa 8 juu ya wale 4 alionao.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Maamun (813–833), aliiita hatua ya kurudisha al-jabr, na ya kuondoleana yaliyo ya jinsi moja al-muqabala. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni wasia na mirathi, na mna humo suala la marehemu aliyekuwa akimdai mmoja wa wanawe wawili. Hakutumia alama yoyote. Kisichojulikana alikiita "kitu" tu. Mwalimu wa madrasa anayeiogopa x aweza kuanzia hapo.