Nywele nyepesi hazitaki mzigo

Juma moja kabla ya kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, wenzangu wa kitivo walinishauri nisuke rasta ndefu, eti zifiche wepesi wa nywele zangu. Nilikataa. Mwaka jana nilizisuka: usiku wa kwanza sikulala kwa maumivu, na siku ya kufumua, nywele za juu ya paji zilitoka pamoja nazo. Uzito wa meshi huvuta mizizi. Ikivutwa mara kwa mara, hufika siku nywele hazioti tena.

Nasi watu wa lugha tuna kosa letu. Tunaposema «nywele nyepesi» tunachanganya mambo mawili: unywele mwembamba na nywele chache. Mwenye nywele nyembamba lakini nyingi anaweza kusuka mistari bila meshi, mradi msusi asikaze. Mwenye chache, kama mimi, kila mstari unaonyesha ngozi. Kwa maoni yangu, heri akate: nywele fupi husimama, ndefu hulala.

Nilikata. Mama alininunia siku mbili, maana kwake binti hatetei bila kusukwa. Walimu waliniuliza juu ya ngeli tu.