MZAZI, ACHA KUMWACHIA RADHI MWANAO!



Ndugu yangu mzazi, leo tuambizane ukweli, hata kama utatuuma.

Mtoto ana miaka 15. Anarudi usiku, anajibu kwa mkato, Alfajiri haamki mpaka umvute shuka. Wewe unafanya nini? Unasimama mlangoni, majirani wote wanasikia: "Nimekuachia radhi! Hutafanikiwa duniani wala akhera!" Kisha unaingia ndani kuswali Isha.

Unajua ulichokifanya? Mtume ﷺ ametukataza kuwaombea mabaya watoto wetu, tusije tukaisadifu saa ambayo Allah hujibu dua. Hadithi ya Jabir hiyo, ameipokea Imam Muslim. Hasira yako ni ya dakika tano. Je, dua ikipokelewa, utamlilia nani?

Utaniambia: "Sheikh, huyu ni sikio la kufa." Mtoto wa Nabii Nuh (a.s.) alikataa imani yenyewe, akakimbilia mlimani huku mawimbi yanakuja. Baba yake bado alimwita kwa huruma, kama mwanawe. Wako kanyoa kiduku tu, umeshamtolea begi nje!

Na yule kijana aliyemwendea Mtume ﷺ kuomba ruhusa ya kuzini? Watu walimkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamketisha, akamuuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake, shangazi yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kijana hakuligeukia tena jambo lile. Ameipokea Imam Ahmad.

Zingatia: haramu ilibaki kuwa haramu. Lakini kijana alisikilizwa. Mwanao akiwa na swali zito kama lile, atakuletea wewe, au atalipeleka kijiweni?

Sisemi umdekeze. Weka saa ya kurudi nyumbani. Simu iwe na mpaka. Swala haina mjadala. Ila baba anayezungumza na mwanawe siku ya kosa tu, asishangae kutosikilizwa. Na usimtupie ustadhi wa madrasa ya bweni mzigo ulioukimbia mwenyewe.

Usiku huu amka kabla ya Alfajiri, umtaje kwa jina lake ukiwa kwenye sijda. Asubuhi kunyweni chai pamoja, na usianze na kosa lake.

Allah atutengenezee vizazi vyetu. Aamin.

Mfikishie mzazi mwenzio.