Taa ya njano kwenye tablo



Juma lililopita nilishuka Uvira na mtoto wangu wa miaka 5. Tulipata taksi barabarani hapa Katogota, moja ya zile Toyota zilizotumika Japani kabla ya kufika kwetu, usukani upande wa kuume. Nilikaa mbele, mtoto magotini. Hilo ni kosa langu, nitalirudilia.

Mtoto aliona kipande cha plasta nyeusi kwenye tablo, na mwanga wa njano ukichungulia pembeni. «Mama, mbona wamefunika taa?» Shofere akacheka: «Hayo ni mambo ya Wajapani, hayatuhusu.» Tukacheka wote. Karibu na Sange mbuzi wakakatiza kwenye tope. Shofere alikanyaga freni, magurudumu yakakwama, gari likateleza ubavu hadi ukingoni mwa mtaro. Nyanya za mama mmoja zilimwagika, hakuna aliyeumia.

Siku ya pili nilimwendea makanika tunayemjua. Akanieleza kwamba taa ile ni ya ABS. Kila gurudumu lina kidude kidogo kinachohesabu mizunguko. Gurudumu likitaka kukwama, mashine inalegeza freni na kuibana tena mara nyingi katika sekunde moja, na usukani unaendelea kumtii shofere. Kwenye mchanga au mawe haifupishi mwendo wa kusimama kila mara, lakini inakuacha ukwepe. Waya ukikatika wakati wa kubadilisha freni, au mtu akifunga magurudumu yasiyolingana ukubwa, hesabu inaharibika na taa inawaka. Freni ya kawaida mara nyingi inabaki, ila msaada umekwenda. Kuziba taa hakutengenezi kitu.

Kuna magari mapya zaidi yanayoingia sasa, yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, inayoangalia njia na kusaidia kufunga freni. Jiwe likipasua kioo, garaji inaweka kingine, kamera inarudishwa kwa gundi, basi. Niliwachorea watoto wa darasa la 6 ubaoni: kamera ikipinda digrii 1 tu, kwenye metre 50 mbele inakosea karibu sentimita 87. Hapo ndipo anapopita mtu wa kinga na magunia yake! Kamera hiyo inatakiwa kupangwa upya kwa mashine maalum. Kama garaji haina mashine, afadhali msaada huo uzimwe na shofere ajue umezimwa, kuliko autegemee ukiwa unaona vibaya. Hata kuinua gari juu kwa ajili ya barabara zetu kunabadilisha macho ya kamera.

Na zile taa za mbele zinazotupofusha usiku? Zilitengenezwa kwa nchi ya kuendesha kushoto. Kwetu tunaendesha kuume, na mwanga wake unawapiga wanaokuja.

Sasa sisi abiria tufanye nini? Ufunguo ukizungushwa, taa za tablo zinawaka kisha nyingi zinazimika baada ya sekunde chache au injini ikishawaka. Ya ABS au ya mfuko wa hewa ikibaki, kuna ubovu. Isipowaka kabisa, pengine imetolewa. Ile nyekundu ya freni ikibaki wakati freni ya mkono imeshushwa, msipande, hasa kama mnapanda Bukavu kwa kona za Ngomo. Mtoto akae nyuma: mfuko wa hewa unafumuka kwa nguvu sana, na aliyepakatwa mbele ndiye anaupokea wa kwanza.

Mmoja mmoja tukiuliza, shofere atasema shuka, wengine wapo. Lakini kikundi chetu kinakodi gari zima siku za soko, na anayekodi ana sauti. Nimemwomba mama mweka hazina, kabla ya kutoa faranga za safari ijayo, asimame mlangoni ufunguo ukizungushwa. Amekubali, ila anataka nisimame naye. Nitakuwepo, saa kumi na moja alfajiri.