Picha bila jina



Juma hili tuzungumze juu ya zile picha zilizolala chini ya sanduku, kati ya vikwembe vya harusi na kadi za chanjo za watoto. Tunazitoa mara moja kwa mwaka, tunacheka, tunazirudisha. Lakini tukigeuza picha upande wa nyuma, mara nyingi hakuna kitu kilichoandikwa. Mama wa nyumba ndiye anayejua kila sura. Siku akiondoka, karatasi inabaki na watu waliomo wanakuwa wageni katika nyumba yao wenyewe.

Sisi walimu tunaliona jambo hili darasani. Tukimwomba mtoto wa mwaka wa tano alete picha ya nkambo wake, mwingine anakuja mikono mitupu, mwingine analeta picha na kusema, "Ni mtu wa familia." Mtu yupi? Hajui. Mtoto hana kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Katika mji wetu wa Lubumbashi watu wamefanya kazi kubwa juu ya picha za zamani. Mwaka 2008 kundi la wasanii wa hapa, kati yao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha kituo cha sanaa wakakiita Picha, neno letu la kila siku. Kituo hicho ndicho kinachoandaa yale maonyesho makubwa yanayoitwa Biennale ya Lubumbashi, ambayo kazi zake huwekwa sehemu mbalimbali za mji. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Baloji alitengeneza kazi inayoitwa Mémoire. Alichukua picha za wafanyakazi zilizopigwa wakati wa ukoloni, akawatoa humo na kuwasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Wanatutazama moja kwa moja. Lakini wengi wao hatujui waliitwa nani. Kampuni ya Union Minière iliwaandika kwa namba, na majina hayakutufikia. Huenda mmoja ni nkambo wa msomaji wetu wa Katuba au wa Kenya, na hakuna tena wa kumtambua.

Na bibi zao? Tangu miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi waishi kambini pamoja na bibi na watoto, ili wasirudi vijijini. Wamama hao walipika, walilima, walizaa na kulea mji huu. Kazi yao haikuingia katika daftari la mshahara. Basi kama sisi hatutaandika majina yao nyuma ya picha, tunangoja nani ayaandike?

Mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao waliwaomba wakaaji wa mji walete vitu vya nyumbani na masimulizi yao, vikaonyeshwa kwa jina la Ukumbusho. Tulijifunza hapo kwamba hata pasi ya makaa au cherehani ya mama inaweza kusimulia historia. Jumba kubwa halihitajiki. Ukuta wa chumba chetu cha mikutano, kamba na vibanio vya nguo vinatosha. Ndiyo sababu tunapendekeza kwa vikundi vyote vya chama chetu mwaka mmoja wa maonyesho ya picha, mara nne tu, katika siku ambazo tayari tunakutana.

Ya kwanza iwe tarehe 8 Machi. Kila mama alete picha moja ya mwanamke akiwa kazini: sokoni, shambani, hospitalini, kwenye cherehani. Siku hiyo tumezoea kushona kikwembe kimoja na kutembea barabarani. Safari hii tuongeze sura za waliotutangulia.

Ya pili iwe tarehe 30 Aprili, siku ya mwalimu. Tulete picha za masomo: darasa, diploma, mwalimu na wanafunzi wake. Gosette Lubondo, mpiga picha aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1993, alikwenda kwenye shule iliyoachwa huko Gombe-Matadi, akapiga picha za watu waliovaa kama wanafunzi na walimu ndani ya madarasa matupu. Sisi tunao watu wenyewe walio hai. Mama aliyesoma miaka miwili tu na akaachishwa ili akaolewe, naye aje aseme shule yake ilikuwa wapi.

Ya tatu iwe tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi tunakwenda makaburini kusafisha, mchana tunakaa na wazazi walio hai. Mchana huo tumkalishe nkambo mbele ya picha, mtoto ashike daftari, amuulize huyu ni nani, na huyu je. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka.

Ya nne iwe Desemba, kwa picha za simu. Wengi wetu tuna mamia humo, lakini simu ikiibiwa au ikianguka katika beseni ya maji, mwaka mzima wa mtoto unapotea. Tuchague tano, tuzitoe kwenye karatasi.

Namna ya kuandika: tumia kreyo, si biki. Wino wa biki hupita karatasi na kuharibu sura. Andika taratibu pembeni nyuma ya picha: jina kamili, mwaka, mahali, na jina la mwenye picha. Usibandike kwa gundi, na usiiache kwenye jua, maana rangi hukimbia.

Kama mwaka haujulikani, tafuta dalili. Picha yenye muhuri wa Élisabethville huenda ni ya kabla ya 1966, mji ulipopewa jina la Lubumbashi. Ukiona neno Zaire, uko kati ya 1971 na 1997. Na kumbukeni kwamba mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo. Marie-Jeanne wa picha ya 1969 anaweza kuwa ndiye Kabedi wa picha ya 1974. Yaandikwe majina yote mawili, la sivyo wajukuu watadhani ni watu wawili.

Kuna jambo la kushughulikia kwa heshima. Si kila picha inaleta furaha. Tunao wajane kati yetu ambao, bwana alipofariki, familia yake ilichukua kila kitu, hata albamu ya harusi. Mama wa namna hiyo asiulizwe mbele ya watu kwa nini amekuja mikono mitupu. Dada au shoga aliyesimama naye siku ya harusi anaweza kuwa na nakala, amtafutie. Wala asitegemee picha peke yake, kwani picha ya harusi haichukui nafasi ya akti ya ndoa. Ile tuitunze mahali salama, na nakala yake nyumba nyingine.

Pia tusitundike picha ya mtu bila ruhusa yake, wala ya mtoto bila ruhusa ya mzazi. Mama akisema hapana, ni hapana, hatudai sababu.

Kwa juma hili tunaomba kitu kidogo. Kila mmoja atoe picha tatu za zamani zaidi nyumbani, aite mtoto mmoja, amtajie majina, na mtoto mwenyewe ndiye aandike. Kama kuna sura usiyoijua, usiirudishe chini ya sanduku. Njoo nayo kwenye mkutano wa juma lijalo. Katika chumba kilichojaa wamama, huenda mmoja akasema, "Huyu namjua, tulikaa avenue moja."