Pampu Iliyolala Isivutwe Kamba kwa Haraka

Wakulima wengi katika skimu hununua pampu ya maji iliyokwisha kutumika, ambayo imelala stoo miaka miwili au mitatu, na siku ile ile huvuta kamba mpaka mkono uume. Kwa maoni yangu huko ni kujichosha bure. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika, ikaacha utando kama gundi katika vitundu vidogo vya kabureta. Kwanza mwaga petroli yote ya zamani, safisha kabureta, badili oili, tena utazame chujio la hewa, maana panya hupenda sana kuzaa humo. Mimi mwenyewe nilinunua plagi tatu kabla ya kufungua kabureta, na miche yangu ya kabeji ikakauka shambani.