Kuketi Mkahawani Si Kosa

Neno 'mkahawa' limezaliwa na kahawa: ni mahali pa kunywa na kuzungumza. Nilipokuwa London niliingia katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Soho uwahudumiao hasa watu wa mapenzi ya jinsia moja. Mzee alikuwa akisoma gazeti. Wanafunzi wawili walibishana juu ya mtihani. Hapakuwa na la ajabu, na hilo ndilo lililonifikirisha.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu yetu, kitishiacho jela ya miaka 14, tulikirithi kwa Waingereza, ambao kwao walianza kuilegeza sheria kama hiyo mwaka 1967. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta mwaka 2019. Hata hivyo, Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba ilikuwa makosa kulinyima usajili shirika la kuwatetea watu hawa. Waliopiga kelele siku zile walichanganya kutenda na kukutana. (Wanawake wa Pwani huitana 'shoga' kwa mapenzi, kwingineko neno hilohilo limegeuzwa jiwe la kurushiana.)

Basi mwenye mkahawa afukuzaye wateja kwa kisingizio cha kifungu hicho na atuonyeshe ni wapi ndani yake palipotajwa kikombe.